Anwani ya Marehemu

Mpangaji wetu wa chini alikuwa mwanamke kutoka Taiwan, mhandisi wa kiwanda kimoja njia ya Qalhat, nje ya mji wetu wa Sur, Oman. Ijumaa moja baada ya Alasiri aligonga mlango wetu. Mkononi alishika vipande viwili vya mti vilivyopakwa rangi nyekundu, vyenye umbo la korosho, upande mmoja bapa na wa pili mviringo.

"Shikamoo, Bibi," alisema. Bibi yangu ndiye aliyemfundisha hivyo. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiingereza: "Mama hafiki."

Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kazini walimchelewesha ruhusa, na alipofika kwao walikuwa wameshamzika. Siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya mwaka, na kwao, alinieleza, siku kama hiyo marehemu hualikwa kuja kula.

Nilimtafsiria Bibi, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Sur akiwa msichana. "Audhu billahi," akasema, na hapo hapo akaanza kutafuta viatu vyake.

Chini, meza ilitazama mlango uliokuwa wazi. Juu yake palikuwa na wali, samaki nguru mzima, machungwa, na kuku aliyepikwa kwa mchuzi mweusi. "Mama alipenda nguruwe," mpangaji alisema, "lakini hii ni nyumba yenu." Mbele ya chakula palikuwa na kiti kitupu. Vijiti vya ubani vilifuka ndani ya kopo la mchele. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na feni ilikuwa imezimwa, lakini moshi ulilala ukaelekea mlangoni, kama kuna mtu anauvuta kutoka nje. Nilizunguka chumba kizima nikitafuta upenyo. Sikuuona.

Alipiga magoti akauliza kwa lugha yao, kisha akavidondosha vile vipande. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, jibu ni ndiyo. Vyote viwili viliangukia mviringo juu. Hapana. Akauliza tena. Hapana. Tena, hapana.

Mimi nimesoma takwimu Maskati. Nilivichukua, nikavipima mkononi, nikavirusha mwenyewe bila kuuliza kitu. Vilianguka hivi na vile, kama inavyotarajiwa. Nikamrudishia. Akauliza, na vikaanguka mviringo juu.

"Hataki kuniona," alisema. "Sikumzika, ndiyo maana."

Bibi alikuwa amebaki kizingitini, hataki kuingia, hataki kuondoka. "Muulize, kamwelekezaje huyo mama?"

Nikauliza. Alisema kwao mtu akishika ubani hutaja jina lake na mahali anapokaa, ili anayealikwa ajue pa kwenda. Naye alikuwa amesoma anwani kama ilivyoandikwa kwenye kadi yake ya kazi: sanduku la posta, nambari ya posta, Sur, Oman.

Nilipotafsiri, Bibi alishika kifua. "Loo! Kampeleka mama yake posta! Na leo Ijumaa, kumefungwa. Yuko nje juani, maskini, anagonga!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nilipomfasiria, mpangaji hakucheka. "Kila mwezi nimekuwa nikimwita huko," alisema taratibu. "Mwaka mzima."

Kicheko cha Bibi kikakatika.

"Bibi, twende zetu," nikamnong'oneza. "Haya si mambo ya kuamini."

"Nani kaamini? Mimi sisali naye. Kumwelekeza mtu njia nako ni shirki? Haya, mwelekeze, wewe msomi."

Basi nikasimama mlangoni nikaeleza njia kama ninavyowaeleza watu wa kuleta mizigo, maana mtaani kwetu hakuna anayetumia nambari ya nyumba. Kutoka posta, shika njia ya baharini. Pita msikiti mweupe. Duka la halua liache mkono wa kushoto, uingie kichochoro chenye tangi la maji. Mpangaji alisimama na ubani mpya, akirudia kila neno kwa lugha ya mama yake. Mwanzoni niliona aibu. Nilipofika kwenye tangi la maji, nilijikuta nimepunguza kasi, kama vile ninayemwelekeza anatembea na hajui mji.

"Mlango wa buluu," nikamaliza. "Uko wazi."

Nje, paka wawili walikuwa wamelala kivulini, katikati ya njia. Waliinuka pamoja, mmoja akaenda kulia, mwingine kushoto, wakakaa. Vichwa vyao viligeuka polepole kufuata kitu kisichozidi kimo cha kifua changu.

"Mpishe," Bibi aliniambia, mwenyewe ameshajibana ukutani. Hapo nikagundua kuwa nilikuwa nimeziba mlango. Nikasogea.

Vipande vilidondoka: kimoja bapa, kimoja mviringo. Uwezekano wake ni nusu kwa nusu, nikajiambia, lakini sikurudi tena pale mlangoni.

Mpangaji aliuliza swali jingine, na hilo sikuhitaji kutafsiriwa: kama mama bado amemkasirikia. Vipande vyote viwili viliangukia bapa juu. Akaziba mdomo, mabega yakitikisika.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Vikilala hivyo," mpangaji alinijibu, "maana yake anacheka. Nikimuuliza la kipumbavu alikuwa anacheka hivyo hivyo."

Nikamwambia Bibi: "Anacheka."

"Basi mwambie huyo mama ale. Safari yote ile, na chakula kinapoa."

Sikungoja mpangaji atafsiri. Nilikigeukia kiti nikasema, kwa Kiswahili, "Karibu, mama."