Wembe wa Babu na Jiwe la Mlango

Siku ya Jumatatu, akiwa na kikombe mkononi na nusu ya chai ikiwa tayari imemwagikia sahani, Babu alitangaza kwamba Jumamosi wageni wa mahari ya dada yangu watapokelewa na mtu mwingine. Yeye atabaki chumbani.

"Siketi mbele ya wakwe na uso kama fagio," alisema.

Si kwamba mtaa wetu wa Kaloleni hauna vinyozi. Kuna kijana mwenye kibanda hatua chache kutoka langoni petu, na kila tukipita humwita Babu, "Buda, kuja nikutengeneze, dakika mbili tu!" Lakini mashine humtoa Babu vipele shingoni. Miaka yote aliyofanya kazi reli alijinyoa kwa wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na mikono yake ilipoanza kutetemeka, akanyolewa na Nyanya kwa wembe huohuo. Nyanya alipofariki, miaka miwili iliyopita, Babu aliuviringisha kwa kitambaa, akautia sandukuni chini ya kitanda, akaziacha ndevu zijiamulie. Mama yangu ni mkwe wake, hawezi kumshika uso. Baba alijaribu mara moja akamkata sikio.

"Nikikunyoa mimi?" nikauliza.

Alinipima kwa macho, kwa ule utani wa babu na mjukuu wa kike. "Wewe, mke wangu, ambaye hata kitunguu unakikata kama unakiomba msamaha?"

Lakini hakukataa. Jioni ile nilikuta kile kitambaa juu ya mto wangu.

Wembe ulikuwa umeshika kutu rangi ya chai ya rangi. Asubuhi nilifanya jambo ambalo mtu yeyote wa safu yetu ya nyumba angefanya: nilipiga magoti kwenye kizingiti cha jikoni. Kizingiti hicho cha sementi kimenoa visu vya familia tangu Babu apewe nyumba hii, hadi kimeingia ndani katikati. Nikauinamisha wembe kidogo, kama kisu cha sukuma wiki, nikausugua. Ulipiga kelele mpaka Babu akatoka na ndala mguu mmoja.

"Unaninyoa au unanichinja?"

Nilipouinua kwenye mwanga, makali yalikuwa na meno kama msumeno. Niliona Jumamosi ikiniponyoka mkononi, nikaona kiti cha Babu kikiwa kitupu mbele ya wageni.

Babu aliketi kwenye kigoda, akavuta pumzi. Wembe si kisu, akaniambia. Wembe hulazwa. Mgongo wake na makali yake vyote viguse jiwe kwa pamoja, na mgongo ndio unaojua makali yakae vipi. Kazi yako ni kutouingilia.

"Jiwe lenyewe liko wapi, Babu?"

Akanyoosha fimbo kuelekea mlango wa jikoni. Pale chini, jeusi kwa mafuta na masizi, lilikuwa jiwe linalozuia mlango usijifunge. Nimelijua tangu utotoni. Limenivunja kucha mara mbili na nimelitukana zaidi ya hapo. Nililiosha kwa sabuni ya unga na brashi, na chini ya uchafu kikatokea kinoo cha kijivu, laini kama upande wa ndani wa shavu. Kilikuwa kimebonyea katikati, kwa hiyo Babu akanituma nikakisugue kwa maji kwenye sakafu ya sementi ya veranda mpaka kinyooke.

"Hiyo sasa," akasema, "ndiyo kazi ya sementi."

Wiki ile sikuandika hata ukurasa mmoja wa kazi yangu ya chuo, na sikujuta. Niliiondoa kutu kwa msasa laini na mafuta ya kupikia, pole pole, nikaacha madoa machache meusi yaliyokuwa mbali na makali. Kisha maji juu ya jiwe, mbele, geuza, nyuma, geuza. Mwanzoni wembe ulilalamika. Siku ya tatu ukaanza kunong'ona. Macho ya Babu ni hafifu, lakini alikaa kigodani akisikiliza, kofia usoni, nikidhani amelala.

"Umeinua mgongo."

"Sijainua!"

"Umeinua."

Nilikuwa nimeinua.

Ijumaa mchana niliupitisha kwenye mkono wangu, na vinyweleo vikaanguka bila ngozi kuhisi kitu. Ilibaki kuulainisha kwenye mkanda wa ngozi. Tulifunga mkanda wa Babu wa zamani wa kazi kwenye kitasa cha mlango, nikaupitisha wembe mgongo ukitangulia, mara kumi, ishirini, nikajiona fundi. Nikageuza vibaya. Makali yakang'ata mkanda.

Nilisimama pale kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe. Babu akaupapasa mkanda kwa kidole, akaupata mkato wangu, akaendelea chini mpaka akapata mwingine, wa kale, uliolainika kingo.

"Huu ni wa nyanyako," akasema. "Wiki yake ya kwanza na wembe huu. Nilimnunia siku mbili." Akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, chumbani kwake, nilimwekea taulo lenye maji moto, kisha povu la sabuni ya kipande. Mkono wangu ukaanza kutikisika.

"Kutetemeka katika nyumba hii ni kazi yangu," akasema kutoka ndani ya povu. "Wewe tulia."

Nikatulia. Wembe ulishuka shavuni kwa sauti ndogo, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili, na nyuma yake uso ukatokea, uso niliokuwa nimeanza kuusahau. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia nyimbo zilipoanza langoni.

Mama, ambaye kwa heshima haingii chumba cha baba mkwe wake, aliita kutoka nje ya mlango: "Baba! Wageni wamefika, wanauliza mwenye boma yuko wapi!"

Babu alipitisha mgongo wa vidole kwenye lile shavu lililonyolewa, akarudia tena, pole pole.

"Waambie waimbe wimbo mwingine," akasema, akanigeuzia upande wenye povu.