Nusu ya Chini ya Gazeti

Watu wakisikia kwamba mwaka 1910 naukumbuka vizuri, huniuliza mambo makubwa: reli ilivyoingia Dodoma, Wajerumani walivyokuwa wakali, nyota yenye mkia ilivyoonekana. Nawajibu. Lakini kwangu mimi mwaka ule ni wa ng'ombe mmoja mwekundu aliyevunjika pembe, na wa kipande cha karatasi.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nilisoma kwa wamisheni, msichana peke yangu darasani, na kwa ajili hiyo nilijiona mtu mkubwa kupita kiasi. Baba hakupenda niende shule mpaka alipogundua kwamba naweza kumsomea. Alikuwa akipeleka maziwa ya mgando kambini kwa wajenzi wa reli, na mpishi wa mkandarasi Mgiriki, mtu wa pwani, alimpa magazeti ya Kiswahili yaliyokwisha kusomwa. Kiswahili cha baba kilitosha kuuzia maziwa tu. Mimi nilisoma, kisha nikamweleza kwa Kigogo, na nilipofika mahali nisipopaelewa nilibuni bila aibu.

Ndivyo tulivyojua kwamba Ulaya watu wanaruka ndani ya mashine yenye mabawa. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Tulijua kwamba mfalme wa Waingereza amefariki, na baba akauliza ameacha ng'ombe wangapi. Baadaye mwaka uleule mpishi alimsimulia kwamba huko Marekani mtu mweusi amepigana ngumi na mzungu mbele ya maelfu ya watu, akamshinda, na hakufungwa wala kuchapwa viboko. Hilo baba hakulicheka. Kila gazeti lililokuja baada ya hapo aliniamuru nilitafute, na nilipolikosa alinitazama kana kwamba nimelificha mimi.

Habari ya nyota ilitufikia mvua zilipokwisha. Nyota yenyewe tulikuwa tumeshaiona alfajiri, upande wa mashariki, imeburuta mkia mweupe. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta gazeti jipya limechanwa katikati. Nusu ya chini baba alikuwa ameifungia ugoro, maana ugoro wake haukutulia kwenye jani. Nusu ya juu akanipa nisome.

Iliandikwa kwamba dunia itapita ndani ya mkia wa nyota ile, na siku yenyewe ikatajwa. Kwamba ndani ya mkia mna hewa ya sumu. Kwamba huko Ulaya wako watu wanaoziba madirisha yao, na wengine wanagawa mali. Hapo karatasi ikaishia, katikati ya sentensi.

"Baba, habari haijaisha," nilisema. "Iliyobaki iko kwenye ugoro wako."

"Mtu akishataja msiba, yanayofuata ni ya kupeana pole tu," alinijibu. "Soma tena ulipoanzia."

Ningeweza kung'ang'ania. Furushi la ugoro lilikuwa pale pale, limefundikwa kwenye pindo la shuka yake. Lakini majirani walishaanza kuja, watu wazima waliokuwa wakinituma maji bila kunitazama usoni, na sasa walikaa chini kunisikiliza. Nilisoma ile nusu mara saba siku ile. Hofu yao niliionja na nikaiona tamu, na hilo ndilo ninalolionea haya mpaka leo.

Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizini pake. Huwatawanya kwa ndugu na marafiki. Wao wanakunywa maziwa, mifugo inabaki yake, na ugonjwa ukizuka haumkuti na mali yote mahali pamoja. Babu alinusurika hivyo tauni ilipomaliza ng'ombe wa nchi nzima. Baba alilijua hilo kuliko wengi. Lakini baada ya kusomewa habari ile, alisema kwamba kama ni kufa, atakufa akisikia ng'ombe wake wote wakipumua karibu naye. Akaanza kuwakusanya.

Wa mwisho alikuwa yule mwekundu, aliyekuwa kwa shangazi yangu, dada yake baba, upande wa Bahi. Mume wa shangazi aliangukiwa na jiwe kwenye kazi ya reli akafa, akamwachia mimba. Mtoto alizaliwa masika yale, na maziwa ya mama yalikuwa haba. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akimlea.

Baba alinichukua nimsaidie kuswaga. Shangazi alitupokea vizuri, akatupa vigoda, akatuuliza hali ya nyumbani, ya shamba, ya mifugo, mmoja mmoja kama inavyopasa. Baba akamweleza habari ya nyota. Shangazi alisikiliza huku akimtikisa mtoto mapajani.

"Ng'ombe ni wako, kaka," alisema. "Siwezi kukuzuia. Ila huyu atakunywa nini?"

Baba alitazama chini. Kisha akafundua shuka, akatoa furushi lake la ugoro, akampa lote. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Tulipoondoka, ng'ombe aligeuka nyuma mara mbili akilia, na mimi sikuthubutu kugeuka.

Siku iliyotajwa ilipofika tuliziba kila tundu la nyumba yetu ya tembe kwa mavi ya ng'ombe, tukajifungia, watu na mifugo pamoja. Tuliteseka kwa moshi na joto, wala si kwa sumu. Asubuhi mbuzi walipiga kelele wakitaka kutoka, tukafungua mlango, na dunia ilikuwa vilevile. Mama alichukua kibuyu akaenda kuchota maji.

Mtu angedhani baba angemrudisha yule ng'ombe siku hiyohiyo. Hakumrudisha. Kumrudisha mapema kulikuwa kukiri mbele ya watu kwamba aliogopa, na baba alikuwa na kichwa kigumu, kama nilicho nacho mimi. Akasema atampeleka mtama ukishavunwa. Kabla ya mavuno ng'ombe mmoja akaanza kukohoa. Ugonjwa ulipita zizini kwa utulivu kabisa, leo huyu, kesho yule, na wote walikuwa humo. Kati ya kumi na saba walibaki watatu. Yule mwekundu alikuwa wa tatu kufa. Nilimsikia baba akilia nyuma ya nyumba, mtu mzima, na nikakimbia nisimwone.

Alinituma mimi na mama kwa shangazi na mbuzi mmoja wa maziwa. Mwenyewe hakuja. Mtoto tulimkuta hai, lakini shingo yake ilikuwa nyembamba na macho yamekuwa makubwa. Mama alimbeba, akatoka naye nje kumkamulia mbuzi. Shangazi aliketi, akatoa ugoro wake, na mimi nikaitambua karatasi.

"Shangazi, naomba niisome," nilisema.

Aliumwaga ugoro kiganjani, akanipa karatasi. Ilikuwa imelainika na kunukia tumbaku, lakini herufi zilisomeka. Ilianzia pale sentensi ilipokatika. Wataalamu wa nyota, iliandikwa, wanasema mkia ule ni mwepesi kuliko hewa yoyote tunayoijua, hautamdhuru mtu wala mnyama, na kila mtu aendelee na kazi zake bila hofu.

Nilimweleza kwa Kigogo, neno kwa neno, safari hii bila kubuni. Nilipomaliza nilikuwa nalia. Nilimwambia nitaipeleka kwa baba aione, ajue alichokifanya. Kusema kweli nilitaka alaumiwe yeye, nisilaumiwe mimi.

Nje tulimsikia mama akimbembeleza mtoto anywe. Halafu shangazi akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaurudisha ugoro ndani yake, akaifunga vizuri na kuikaza.

"Kaka yangu amezika ng'ombe kumi na wanne," alisema. "Hii usimsomee."

Sikumsomea. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mara alipoisimulia nyota ile alimalizia kwa kusema kwamba gazeti halikuwa na la zaidi.