Ua wa Miiba wa Wayua

Tangu mamba amchukue mumewe Kisilu, aliyekuwa akioga katika mto Athi baada ya kunywesha mbuzi, Wayua hakupumzika. Kila maji yalipopungua alikata matawi ya mgunga, akachomeka nguzo mchangani na kuzungushia miiba pale kina mama wanapoteka maji. Na kila mara alikuta pengo. Watu waling'oa miiba yake wakazibia mazizi ya mbuzi, kisha wakamsalimia njiani kwa adabu kana kwamba hawajui lolote. Akiuliza, anaambiwa mamba yule alishahama. Jirani mmoja alimtania kwamba serikali itampa cheo, askari wa mamba. Wayua hakucheka. Alichukua panga akarudi porini.

Hakuwa mtu asiyeamini. Kanisani yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Ndiyo maana lililomchoma zaidi lilitoka kanisani. Pasta Mulinge alitangaza ubatizo, na Mbula, binti wa Wayua, alikuwa miongoni mwa watakaobatizwa. Ndani ya ua maji yalifika magotini tu, kwa hivyo wangeingia nje ya miiba, penye kina.

Wayua alimfuata pasta nyumbani. Alimweleza kwamba mamba hulala penye kina, kwamba maji ya udongo hayaonyeshi kitu, na kwamba mnyama yule huzoea mahali watu wanapoingia na kuvizia papo hapo. Pasta alimsikiliza, akamkaribisha chai, akamwambia kwa upole kuwa uchungu umefunika imani yake.

"Pasta, asubuhi ile Kisilu aliomba," Wayua alisema. "Mimi ndiye niliyeitikia amina."

Pasta alisema tu kwamba maji ya magoti hayatoshi kumzamisha mtu anayebatizwa.

Jumamosi Wayua alishinda mtoni akiziba mapengo, mikono imechanika, huku wapitaji wakimpa pole badala ya mkono wa msaada. Mbula alimshikia nguzo bila kusema neno. Mama akadhani binti anamwonea aibu.

Jumapili waliimba wakishuka ukingoni. Pasta, katika joho lake jeupe, aliupita ua akaelekea penye kina. Mbula, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, hakumfuata. Aliingia ndani ya miiba akaketi majini, maji yakamfika kifuani.

"Mbula, siyo hapo," pasta aliita.

"Hapa nikilala chali nitazama, Pasta. Kule ndiko baba alikochukuliwa. Mimi siendi."

Wimbo ulikatika. Kisha bibi mmoja wa kwaya, Kathini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Pasta, piga magoti, hata wewe maji yatakutosha."

Watu wakacheka. Pasta akageuka, akaingia ndani ya ua na kupiga magoti. Wote walibatizwa wakiwa wamelala, nguo zikajaa mchanga.

Wayua alisimama penye miiba akiyatazama maji ya kahawia upande wa pili. Hakuthubutu kugeuza macho. Kwa hivyo hakuona kichwa cha binti yake kikiibuka. Alisikia tu watu wakiitikia amina.

Jumatatu alipokwenda kuteka maji, alikuta pengo jipya. Alama za matawi yaliyoburutwa zilipanda hadi kwenye zizi la mzee wa kanisa, mmoja wa wale walioimba jana. Wayua hakupiga hodi. Alitua mtungi chini, akarudi nyumbani kuchukua panga la kukatia miiba.