Maji Yakipiga Hodi

Katika ploti yetu, jengo la kupanga la orofa kadhaa mtaani Pipeline, Nairobi, maji hayaji tu, hupiga hodi kwanza. Yakikatwa siku kadhaa mabomba hujaa hewa, na yanapoanza kurudi kutoka barabarani hewa ile husukumwa mbele ikigonga ndani ya kuta: ko, ko, ko. Kisha hufuata pumzi ndefu, kama ya mtu mzima aliyepanda ngazi na mzigo. Kisha kimya. Baada ya kimya hicho ndipo mfereji hutema maji mekundu ya kutu.

Mke wangu alikuwa akiyaitikia. Upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza, na kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta ambao bomba kubwa lilipitia. Bomba likigonga, yeye husema, "Karibu." Nilimkataza. Nilimwambia mtu haitikii asichokiona.

"Kwani hodi ya mlangoni wewe huwa unaiona?" aliniuliza.

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amenishinda. Mara nyingi nilikasirika kwa sababu hiyo.

Tulihamia pale kutoka mtaa wa Mbotela baada ya mimi kustaafu. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi Industrial Area, nina kidato cha nne changu, na mwenye ploti alinipa kazi ya kuitunza nyumba nzima pamoja na chumba cha chini kabisa, mkabala na ngazi. Chumba hicho mke wangu alikipenda. Asubuhi nilimvuta hadi mlangoni akiwa kwenye kiti chake cha plastiki, na kila aliyeshuka kwenda kazini alimsalimia. Wengine walimwita shosho, yaani bibi. Mama wa duka, Mwislamu mwenye duka la nafaka karibu na geti, alimwita mamangu na kumletea uji.

Kabla ya mvua za Aprili mwenye ploti alinipigia simu. Ploti ya jirani ilikuwa imeingiliwa na mafuriko mvua zilizopita, na ya kwetu alitaka iwe tayari. Niliifanya kazi ile kwa bidii ya mtu ambaye hajaombwa jambo la maana kwa muda mrefu. Nilizibua mitaro. Nilipaka rangi nyekundu kwenye koki za tangi la juu ili hata mgeni azione. Nilijaza magunia mchanga nikayapanga karibu na geti. Na mlangoni kwangu nilijenga kizingiti cha simiti, kimo cha goti, ili maji ya nje yasimfikie mke wangu. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote: maji yaingie nikiwa juu, naye yuko pale chini, hawezi hata kushusha mguu.

Alikitazama kizingiti kikikauka. "Sasa kiti changu kitapitaje?"

"Tutakuinua."

"Akina nani?"

Tangu siku hiyo hakukaa tena mlangoni. Alisikia salamu zikipita tu, na wapitao hawakumwona.

Lazima nieleze desturi moja ya ploti yetu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Maji yakikatwa, watu huacha mifereji wazi. Chini ya mfereji huweka sufuria iliyofudikizwa, ili tone la kwanza lipige matako ya sufuria na kumwamsha mwenye chumba akinge maji kabla hayajakatika tena. Kila mtu alifanya hivyo. Nami pia, wetu tuliuwekea kopo la mafuta ya kupikia, kwa kuwa sauti yake ilikuwa kali zaidi.

Basi Jumapili moja mchana, maji yakiwa yamekatika wiki nzima, niliwaita wapangaji wote juu ya paa niwafundishe la kufanya tangi likipasuka. Asubuhi ile mke wangu alikuwa ameniambia, "Leo yatapiga hodi."

"Leo si siku yake," nikamjibu. Upande wetu hupewa maji katikati ya wiki, na mimi niliamini ratiba. Nikafunga mlango kwa kufuli ili watoto wasimsumbue, nikapanda.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, maana mchana wa Jumapili paani kuna upepo. Walisimama kati ya nguo zilizoanikwa. Dereva wa lori wa orofa ya tatu, mtu wa mzaha, alianza kunichokoza kabla sijafungua mdomo.

"Mzee, si ungetuambia tu tununue mtumbwi?"

"Wewe utaogelea," nikamjibu. "Tumbo lako litaelea."

Wakacheka. Nikawaonyesha koki nyekundu, nikaifunga mbele yao, nikaifungua, nikaifunga tena. Wakanipigia makofi. Sitaficha, nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa naeleza jambo fulani kuhusu nyaya za stima niliposikia bomba la ukutani likigonga. Mlio ulikuja kutoka chini ukipanda. Ko, ko, ko. Halafu ile pumzi.

Halafu kimya. Paa zima lilikuwa kimya, hata watoto.

Ndipo sufuria zikaanza. Moja kwanza, mbali, orofa ya kwanza. Kisha ya pili, kisha nyingi, kila moja na sauti yake, nzito na nyembamba, katika vyumba ambavyo hapakuwa na mtu hata mmoja. Ploti nzima ililia chini ya miguu yetu kama ngoma isiyo na mpigaji. Mwanamke mmoja alijishika mikono, vinyweleo vikiwa vimemsimama. Nilisikia mtu akinong'ona, "Nani yuko ndani?"

"Ni maji!" dereva akapiga kelele. "Maji yamerudi!"

Wakakimbilia ngazi kwa shangwe. Nami nikafanya nini? Nikawafokea. Niliwaambia warudi, sijamaliza, koki ya tangi imefungwa na kwa hiyo hakuna hatari. Nilijua kabisa kwamba orofa tatu za chini hazinywi kutoka kwenye tangi. Zinapata maji moja kwa moja kutoka barabarani. Nilijua, lakini akili yangu ilikuwa imekaa juu, kwenye rangi yangu nyekundu. Nilibaki nikibishana na watu wawili waliokuwa na adabu ya kunisikiliza, hadi nikatambua kwamba katika zile sauti zote kulikuwa na moja ninayoijua. Kopo la mafuta. Na lilikuwa limeacha kulia. Kopo huacha kulia maji yakilifunika.

Ngazi zilikuwa zimegeuka mto. Vyumba vya orofa za chini vilikuwa vimefurika, masinki yameziba kwa makombo ya ugali, na maji yalishuka nami yakibeba ndara na maganda ya viazi. Nikiwa njiani stima ilikatika, kukawa giza la saruji. Chini kwenye korido nilimkuta mama wa duka, maji yakimfika kwenye vifundo, mkono wake bado kwenye swichi kubwa ya mita. Ndiye aliyezima. Alikumbuka waya wetu wa ekstensheni uliolala sakafuni. Mimi niliyefundisha habari za nyaya sikuukumbuka.

"Funga maji ya barabarani!" nikamwambia.

"Koki iko wapi, baba?"

Ilikuwa chini ya kifuniko cha chuma karibu na geti, na juu ya kifuniko nilikuwa nimepanga magunia yangu ya mchanga.

Dereva na wenzake wakaenda kuyavuta. Mimi nilikuwa nahangaika na kufuli. Ufunguo haukukubali kuingia. Niliugeuza, nikaujaribu upya. Mama wa duka alisimama nyuma yangu, akasema polepole, kama anayeomba msamaha, "Baba, nilipiga hodi. Mamangu aliitikia."

"Alisemaje?"

"Alisema karibu." Akautazama mlango. "Lakini nilisikia wawili wakiitikia."

Mlango ulipofunguka, maji yalikuwa yamejaa hadi juu ya kizingiti. Kile nilichokijenga kuzuia ya nje kilikuwa kimeyaweka ya ndani kama beseni. Mfereji wetu niliouacha wazi ulikuwa bado unatiririka, na ndoo yetu ilikuwa ikizunguka taratibu katikati ya chumba. Godoro lilikuwa limelowa. Mke wangu alilala kama nilivyomwacha, mkono wake mzima ukining'inia majini, vidole vikichezacheza, kama mtu anayemshika mtoto kichwa.

Alinitazama bila hofu. "Funga mlango," alisema. "Wageni wameshaingia."

Juu ya kosa hilo nikatenda jingine, nalo nililitenda kwa upendo. Orofa ya nne kulikuwa na chumba kitupu. Nilimwomba mwenye ploti, akakubali. Wanaume wanne walimpandisha mke wangu kwenye kiti cha plastiki, wakipumzika kila kona ya ngazi.

"Shosho," dereva akamwambia huku akitweta, "sasa uko karibu na Mungu. Utuombee."

"Mimi siombei mtu," mke wangu akajibu. "Mimi ni tangi. Mzee wangu amenipandisha juu kama tangi."

Walicheka hadi wakakaribia kumwangusha. Mimi sikucheka.

Chumba cha chini nilikifanya stoo ya dharura. Niliweka mipira ya kusukumia maji, nailoni, ndoo, tochi na spana, na magunia niliyahamisha kutoka kwenye kifuniko. Kila asubuhi nilipita mlango kwa mlango nikiuliza, "Mfereji?" nao hunijibu kutoka ndani, "Umefungwa!" Vijana wa orofa ya pili waliniita Mzee Mfereji. Wakinipita barabarani husema, "Niaje, Mzee Mfereji, umefungwa?" Nilikubali jina hilo. Ploti ilikuwa tayari kuliko zote za mtaa ule, na mvua ziliponyesha, hakuna tone lililomfikia mke wangu.

Lakini alikuwa anapungua. Orofa ya nne hakuna apitaye ila wa orofa ya nne. Uji wa mama wa duka ulifika umepoa. Alikula vijiko viwili na kugeuza uso. Kule juu maji hutoka kwenye tangi, hushuka bila sauti. Alikuwa akiweka kiganja chake ukutani kwa muda mrefu, kisha anakiondoa.

"Kuta za huku zimekufa," alisema. "Nirudishe chini."

"Chini kuna hatari."

"Na huku kuna nini?"

Nilimwambia tungojee mvua ziishe. Mvua zilipoisha nilimwambia tungojee baridi ipite. Mifupa ya bega lake ilianza kuonekana kupitia kanga.

Alasiri moja, maji yakiwa yamekatika, niliingia stoo kuchukua spana. Mlango niliuacha wazi nyuma yangu. Nilikuwa nimeinama juu ya ndoo bomba lilipogonga. Ko, ko, ko. Pumzi. Nikangoja kile kimya.

"Karibu," sauti ikasema.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikia, mtu anayesema karibu huku akiendelea na shughuli zake. Ilitoka pale kitanda kilipokuwa. Nilitazama ukuta, nikaona alama ya maji iliyobaki, mstari wa kahawia, na rangi iliyochubuliwa na ubao wa kitanda. Sikuona kingine. Nilitoka kinyumenyume, nikajikwaa kwenye kizingiti changu mwenyewe, nikaanguka koridoni.

Mama wa duka alitoka mbio. "Baba, pole! Umeona nini?"

"Nimeteleza."

Alitazama ndani ya chumba, halafu akanitazama mimi, akatamka jina la Mungu kwa sauti ndogo.

Kule juu nilimkuta mke wangu amelala, mdomo umekauka. Sikumweleza. Nilichukua nyundo na tindo, nikashuka tena kabla woga haujanishinda, nikakivunja kile kizingiti. Nilikuwa nimekijenga vizuri, kikanitoa malengelenge. Siku zilizofuata nilitoboa ukuta chini ya sinki ili maji yakijaa yapate njia ya kwenda mtaroni, nikapandisha waya wa ekstensheni karibu na dari, nikainua kitanda juu ya mawe ya ujenzi. Kufuli niliitupa. Nikampa mama wa duka ufunguo wa pili wa kitasa. Hayo ndiyo niliyopaswa kuanza nayo. Kuyafikiri hakukuhitaji hata kidato cha kwanza.

Wanaume walewale wakamshusha. "Tangi limeshuka!" dereva akatangaza, na milango ikafunguka orofa zote, watu wakimpa mkono njiani. Kiti kilipita mlangoni bila kuinuliwa. Tulimkalisha pale pale pa zamani, uso ukielekea koridoni, na mama wa duka akaleta uji wa moto. Aliumaliza wote.

Walipoondoka, aligeuza kichwa na kutazama kona ya kitanda kwa muda.

"Nani alikuwa ananishikia nafasi?" aliuliza.

"Hakuna mtu. Palikuwa stoo tu."

Alinitazama kama alivyonitazama miaka yote nilipomdanganya, bila ugomvi. Kisha ukuta ukagonga. Ko, ko, ko, na pumzi ile ndefu, na kimya. Nilingoja aitikie. Midomo yake haikutikisika. Alikuwa akiningoja mimi.

"Itikia wewe," alisema. "Mimi leo ni mgeni."

Nilikwenda kwanza kwenye sinki, nikaushika mfereji na kuukaza hadi mwisho. Halafu nikaugeukia ukuta, nikaitikia.