Taa za Mbele ya Nyumba ya Mama

Mama alianguka kwenye ngazi za mbele mwezi uliopita, akateguka kifundo cha mkono, na kaka yangu mkubwa akatoa amri: mbele ya nyumba pawekwe taa za maana kabla ya Jumapili, la sivyo anakuja na gari kumhamishia kwake. Mama aliposikia habari za kuhamishwa alisusa chakula siku nzima. Nyumba hiyo aliijenga kwa cherehani yake, na chumba cha wageni cha kaka anakijua: hakina hata pa kuweka meza ya kukatia nguo. Basi mzigo wa taa ukaniangukia mimi, kitinda mimba, ninayeishi karibu na nisiye na visingizio.

Nikamtafuta fundi umeme mmoja mpole. Huyu hachori kitu kwenye karatasi. Hupanda vijiti ardhini, kila kijiti taa moja, mwenye nyumba akavitazama siku mbili tatu, na akisharidhika ndipo fundi anachimba. Kwa watu wengine utaratibu huo ni mzuri. Kwa mama yangu ulikuwa balaa tupu.

Alhamisi fundi alipanda vijiti saba, vitatu pembeni mwa ngazi. Ijumaa asubuhi vyote saba vilikuwa vimehama. Kimoja kiko chini ya ukuta, viwili kwenye kichaka cha waridi, vingine vimepanga mstari toka getini kama watoto wa shule. Kwenye ngazi hakuna hata kimoja.

"Mama, ni wewe uliyevihamisha?"

"Kwani vina miguu?"

"Lakini ulianguka kwenye ngazi. Taa inatakiwa pale."

"Ngazi nazijua tangu wewe hujazaliwa. Weka kwenye waridi, watu waone."

Damu ikanichemka. Watu gani? Mtaa wetu unaishia kwenye ukuta wa ghala. Anayepita hapo amepotea njia. Tukavirudisha vijiti. Jumamosi tukavikuta vimehama tena, na safari hii mama alikuwa amevifunga vitambaa vyeupe, kimoja kimoja, kwa mafundo ya mshonaji. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia anafanya makusudi kunitia wazimu, na kwamba heri ahamie huko kwa kaka sote tupumzike.

Fundi ndiye aliyepata wazo. "Mama, hebu nenda getini, kisha utembee mpaka mlangoni. Unapotaka taa, simama."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Mama alitembea vizuri tu, akipunguza mwendo kwenye kila kitambaa cheupe. Alipofika kwenye ngazi, ambako hapakuwa na kitambaa, akanyoosha mguu na kupapasa. Akapapasa tena. Ncha ya kiatu ikagonga saruji, ndipo akapanda.

Hasira zote zikaniisha. Siku mbili nzima nilikuwa nikigombana na mtu asiyeona, na aibu ikanishika mpaka nikashindwa kumtazama fundi.

Simu yangu ikaita. Ni kaka. "Vipi, taa zimefikia wapi? Au kesho nije na gari?" Anavyoongea kwa sauti, alisikika mpaka barazani.

Mama akageuka haraka, akamnyooshea fundi kidole. "Mwanangu, mwambie kaka yako naona. Mwambie naona vizuri kabisa."

Fundi akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa upande wa pili, karibu na bomba la maji.

"Kaka," nikasema, "Jumatatu tunampeleka mama kupimwa macho. Lakini hahami. Nahamia mimi."

Mama akaifuata sauti yangu kwa uso wake mpaka akanipata.

"Nani kakukaribisha?"