Bafu Lenye Vidole

Wanaomwita Mama Bafu wanadhani jina hilo linamkera. Wapi! Analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Ni mkunga wa siku nyingi, na katika kazi yake hakuna uongo uliomchosha kama huu: "Nimeanguka bafuni." Wajawazito wanaanguka bafuni, wanaonyonyesha wanaanguka bafuni. Waume zao wanaoga humohumo kila siku na hata ukucha hauwavunjiki. Mabafu gani haya yenye ubaguzi, jamani?

Siku jina lilipozaliwa, kliniki aliingia binti mwenye mimba ya kwanza, miezi saba, mumewe nyuma yake.

"Hujambo, mama? Unajisikiaje?" mkunga akamuuliza.

"Hajambo," mume akajibu.

"Mtoto anacheza?"

"Anacheza sana," akajibu huyohuyo.

"Kumbe mimba unayo wewe! Basi panda kitandani nikupime."

Mlango ulikuwa wazi, na wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakaangua kicheko. Mume akatoka amefura. Mkunga akafunga mlango.

Binti alipovua sweta, mkono wake ulikuwa na alama nyeusi juu ya kiwiko. "Niliteleza bafuni," akawahi kusema kabla hajaulizwa.

Mkunga hakubishana naye. Akaushika ule mkono taratibu, akaugeuza. Alama nne upande huu, moja upande ule.

"Mwanangu," akasema, "hilo bafu lenu lina vidole vingapi?"

Binti akamtazama. "Vitano," akasema, machozi yakamwagika. "Na lina mguu. Lilinipiga hapa tumboni. Tangu jana mtoto hachezi, mama. Hachezi kabisa!"

Hasira ilimpanda mkunga mpaka masikio yakamwaka moto. Mtu mzima, mwenye ndevu zake, anampiga teke mtoto ambaye hata jua hajaliona! Lakini hasira haisikilizi moyo wa mtoto, kwa hiyo akaimeza, akaweka kifaa tumboni, akasikiliza. Kimya. Akasogeza chini kidogo. Kimya. Akasogeza ubavuni, akafumba macho.

"Yupo," akasema. "Anadunda. Lakini roho ya mtu haichezewi. Daktari atakuangalia, na leo unalala wodini."

"Nyumbani watasema sina uvumilivu. Shangazi anasema mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu ipi, hiyo ya mateke? Mwambie shangazi aje aivumilie kwa mbavu zake! Kosa si lako, mwanangu. Una ndugu wa kukupokea?"

"Dada yangu yupo."

"Tutampigia. Na ukitaka kwenda polisi, nakusindikiza mwenyewe. Usipotaka leo, siku utakayotaka nipo."

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "Mke wangu atoke, twende zetu!"

Mkunga akafungua, akasimama katikati ya mlango na unene wake wote. "Mkeo analazwa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yake."

Mwanamume akainua mkono. Hapo benchi likalia, wanawake wakanyanyuka na matumbo yao, mmoja kichanga chake bado kiko kwenye ziwa, wakamzunguka.

"Piga basi, si umezoea?" akasema mmoja aliyekuwa karibu kujifungua. "Tupige sote, halafu tutasema tumeanguka bafuni!"

Mkono ukashuka. Mlinzi akamshika bega, akamtoa nje akiwa bado anabwabwaja kuhusu mke wake, mke wake, kana kwamba anadai mwavuli aliousahau. Wanawake wakacheka, wakapigana viganja, na jina la Mama Bafu likaanzia hapo.

Mkunga peke yake hakucheka. Alikuwa amemwona mmoja ambaye hakunyanyuka. Alibaki mwisho wa benchi, amempakata mtoto mchanga, anavuta mtandio kuficha shingo.

Mkunga akaenda akaketi kando yake. "Na bafu lenu, mama?"

Yule mama akautazama kwanza mlango alikotolewa yule mwanamume. Kisha akauachia mtandio.