Niliweka Alama Kwenye Karatasi, Goti la Mukwe Wangu Halikukunjwa

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usihangaike kutafuta mwenye kosa huko mbele. Mukwe wangu hana kosa, kine aliyemutibu goti hana kosa, binti yangu ndiyo kabisa. Ni minye.

Watu wengine wakiungama wanalia. Minye silii. Niko hapa Likasi, nimekaa jikoni kwa binti yangu, sufuria iko ku moto, na ndani yangu hamuna kitu. Si huzuni, si hofu, ni ganzi tu. Basi acha niseme hivyohivyo, mukavu.

Mukwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, anavunja mawe ku kariere ya Kakontwe. Jumapili alikuwa kipa wa timu ya wenzake wa kazi. Na alikuwa kipa kweli! Minye nisiyejua mupira nilikuwa nasikia watu wanaimba jina lake mpaka barabarani. Siku moja akaruka kufuata mupira, akaangukia mulingoti wa goli na goti. Kile kimufupa cha mbele kikapasuka. Wakamufunga plâtre, ile plasta ngumu, muguu muzima, wiki sita.

Binti yangu anafundisha shule Kapolowe. Anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi. Ndugu za mume wote beko Kolwezi. Basi nikaitwa minye, nije kupika na kuangalia nyumba na watoto. Nikaja na mufuko wangu.

Hapa lazima nieleze kitu, juu pengine unasoma uko mbali. Kwetu, mume wa binti yako ni buko. Buko humushiki mukono. Huli naye ku meza moja. Akipita, unajifunga kitenge vizuri, unaangalia pembeni. Yeye naye anakusalimia kwa mbali, macho chini. Si chuki, ni heshima kubwa. Miaka kumi na moja kijana huyu ameoa kwangu, na sijawahi kumugusa hata kidole.

Plâtre ilipotolewa, goti lilikuwa gumu kama ubao. Kine akaja nyumbani. Kine ndiyo vile tunaita muntu anayefundisha viungo kutembea tena kisha ajali. Huyu ni mama kijana, mwembamba, anaongea haraka. Ilikuwa Jumamosi, binti yangu alikuwako. Kine akamulaza mukwe wangu ku mukeka, akashika kisigino kwa mukono mumoja, mwingine akauweka chini ya paja, akakunja pole pole.

"Mufupa imepona," akasema. "Sasa goti njo inalala. Muntu anamukunjia hivi, mara tatu kwa siku, bila kumulazimisha. Mukifanya, muweke alama ku karatasi. Musipofanya, nyama ya ndani itashikamana, haitafunguka tena. Nani anabaki naye mu siku za kazi?"

"Mama," binti yangu akajibu, hata hakuniangalia. Watoto wa siku hizi! Alidhani ugonjwa unafuta buko.

Hapo ndipo ningesema, "Dokta, minye ni buko wake." Maneno matano tu! Sikuyasema. Niliona haya, kine asije akaniona mama wa kijijini asiyejua dunia. Nikasema, "Sawa, dokta." Mukwe wangu akageukia ukuta.

Jumatatu asubuhi nilinawa mikono, nikaenda mpaka mulango wa chumba. Alikuwa amelala ku mukeka na kaptula. Aliponiona, akavuta shuka haraka akafunika muguu mpaka vidole. Nikasimama. Jasho likamutoka, nami likanitoka.

"Mama, acha tu," akasema. "Nitajikaza mwenyewe."

Sikiliza sasa. Nilifurahi! Moyo wangu ulipumua kabisa. Nikarudi jikoni, nikachukua bic, nikaweka alama tatu ku karatasi. Asubuhi, mchana, jioni. Zote kwa mara moja, na ilikuwa haijafika hata saa mbili ya asubuhi.

Siku za kwanza nilimusikia akijaribu peke yake. Anaguna, ananyamaza, anaguna tena. Alikuwa anaogopa mufupa usipasuke mara ya pili, na mukono wa kumuongoza haukuwapo. Kisha sikusikia tena. Minye nikaendelea kupepeta unga wangu. Karatasi ikajaa, ikapendeza, na mustari hata mumoja haukubaki mutupu.

Kine aliporudi, akaisifu. Kisha akashika goti, likakataa. Akakunja uso.

"Munafanya kweli?"

"Ndiyo, dokta," mukwe wangu akajibu mbele yangu. Alijibu yeye! Ili buko wake asiaibike. Nami nikaitikia na kichwa.

Tukaendelea hivyo wiki mbili zingine. Ungeniuliza wakati ule, ningekuambia nalinda heshima ya nyumba. Heshima gani? Nilikuwa nalinda uso wangu.

Mara ya tatu kine hakuuliza. Akaniita, akasogea pembeni ya mukeka, akasema, "Mama, nionyeshe vile unamufanyia."

Nikasimama pale. Mikono yangu ilikuwa ndani ya kitenge na haikutoka. Mukwe wangu alifunga macho.

"Minye ni buko wake," nikasema mwishowe.

Kine hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa chini ku sakafu, akashika kichwa.

"Mama, sasa juu ya nini hamukuniambia? Ningemupa kitambaa kirefu, apitishe chini ya muguu, avute yeye mwenyewe. Ningemufundisha jirani mwanaume. Beko wengi mu huu mutaa. Ilikuwa kitu kidogo sana."

Kitambaa! Niko na vitenge kumi na viwili mu mufuko wangu. Kilichotakiwa ni kimoja.

Akatueleza kwamba nyama ya ndani imekwisha kushikana. Kitambaa atamupa, avute kila siku, lakini yaliyopotea hayatarudi yote. Kupanda mawe ya kariere, asahau. Kuchuchumaa, asahau. Kuruka golini, hata asiulize. Kazini wamemuweka ku lango, anafungulia magari. Kinga, baiskeli yake, hawezi kupanda tena, juu goti halizungushi pedali. Anakwenda kwa miguu na anarudi amechelewa, amevimba.

Ningekuwa naishia hapa, ungesema ni bahati mbaya ya mama muzee. Lakini sijafika ku ubaya wenyewe.

Jumamosi ya wiki ile binti yangu alirudi, akaona goti halikunjiki. Akamuuliza mume wake mbele yangu, minye nikikoroga bukari, ugali wetu.

"Kine ameniambia ku simu hamukufanya, sababu hakusema. Ilikuwa namna gani?"

Mukwe wangu aliangalia chini. "Ni minye nilikataa. Maumivu yalinishinda. Mama alitaka kunisaidia, nikamufukuza."

Mwiko ulikuwa mukononi mwangu. Nikaendelea kukoroga.

Tangu siku ile, kila Jumamosi ni ile ngoma. Muvivu! Muoga! Mwanaume muzima anaogopa kukunja goti, na watoto watakula nini? Anamutukana mpaka jirani wanafunga madirisha. Yeye hajibu. Siku moja nilimufuata uani, nikasimama mbali vile inavyotakiwa, nikamuuliza juu ya nini hasemi. Akaniambia, "Mama, weye ni mama yake. Nikisema, minye nitakuweka wapi?"

Jumamosi iliyopita binti yangu amesema basi. Mwisho wa muhula anachukua watoto, wanahamia Kapolowe, mume abaki na uvivu wake. Ameshaanza kufunga vyombo. Mara tatu nimefungua mudomo nimwambie. Mara tatu nimeuliza kama anataka chai.

Wamama wenzangu, wababa, nisikilizeni. Muganga akikuambia fanya hivi, na mila yako inakataa, au haya inakataa, sema palepale. Mbele ya wote. Usiseme "sawa" ya adabu. Aibu ya kusema ni ya dakika moja, nimeipima sasa. Na yule unayemuheshimu mpaka unashindwa kumugusa, usimuache abebe dhambi yako.

Na weye, mwalimu wa Kapolowe unayefunga vyombo. Jina sikutaja, lakini unajijua. Mume wako hakukataa hata siku moja. Hakunifukuza. Alama zile zote ni mwandiko wa mama yako. Fungua vyombo, mwanangu, kisha uje jikoni. Niko hapa.